Faith No More: Nyumba ya Watatu

Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila aliporudi Tanga begi lake lilifunguliwa sebuleni mbele ya watu wote. Mwaka 1994, katikati ya sabuni za kunukia na soksi, ilitoka kaseti yenye picha ya yangeyange mweupe juu ya rangi ya buluu. Mama aliichukua akaigeuzageuza. Jina la bendi linaanza na Faith, jina la albamu linaanza na Angel. Akaridhika kwamba ni kwaya ya Wazungu, akairudisha mezani. Angesoma hadi mwisho angegundua kwamba bendi inaitwa Faith No More, yaani imani basi tena, na kwamba Angel Dust ni jina la mtaani la dawa ya kulevya.

Mjomba hayo hayakumhusu. Aliinunua Rotterdam kwa ajili ya wimbo mmoja tu, ulioandikwa mwisho kabisa wa orodha: Easy. Yeye ni mtu wa Commodores, kundi la Lionel Richie, na wimbo ule wa mwaka 1977 aliujua neno kwa neno. Kazi ilikuwa kuufikia. Ili asimalize betri alizungusha mkanda kwa kalamu ya Bic, kwa kukisia, na kila mara alitua mahali pabaya: katikati ya Jizzlobber, ambamo gitaa linasaga kama mashine ya mahindi na mwimbaji anapiga ukelele wa mtu anayezama. Majirani wote walipata sehemu yao. Kisha linaingia ogani kama la kanisani, kisha kipande kisicho na maneno, kodiani inajilia polepole, kisha, kama vile hakuna kilichotokea, kinanda cha Easy kinaanza. Yuleyule aliyekuwa anazama sasa anabembeleza, sauti imenyooka, na ukitafuta mzaha ndani yake huuoni. Kabla tu ya solo anaguna, mguno mmoja mfupi wa mtu aliyekanyagwa kidole. Halafu gitaa linaingia, tamu, taratibu, dakika haiishi limeshamaliza.

"Hawa hawapikiki chungu kimoja," mjomba alisema siku moja, kalamu bado iko kwenye tundu la kaseti. "Huyu wa gitaa na huyu anayeimba. Hebu wasikilize."

Sikujua wakati ule kwamba yule wa gitaa alikuwa ameshafukuzwa.

Tangu hapo nimeifuatilia bendi hii, kwanza kwa kaseti za kurekodiana, baadaye kwa kulipia nusu saa kwenye vibanda vya intaneti, na karibu kila ninachosoma kinaigeuza kuwa hadithi ya waimbaji: kabla ya Mike Patton na baada ya Mike Patton. Mimi siioni hivyo. Kwangu Faith No More ni nyumba yenye wenyewe watatu, Billy Gould wa besi, Mike Bordin wa dramu na Roddy Bottum wa kinanda, na vyumba viwili vya kupangisha. Chumba cha sauti kilikuja kupata mtu wa kukaa. Cha gitaa ndicho kilichowatesa, na ukitaka kujua kwa nini albamu moja hailingani na nyingine, uliza kwanza nani alikuwa amelala humo mwaka ule.

Tuanzie San Francisco, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bendi iliitwa Sharp Young Men, ikaja kuwa Faith No Man, na mbele alisimama Mike Morris, mwimbaji na mpiga gitaa. Vijana wa nyuma wakamchoka. Sasa hapa ndipo utakapowapenda: hawakumfukuza. Waliondoka wao, wakamwachia jina lake, wakaanzisha bendi nyingine wasiyokuwa naye. Morris alikuwa akiitwa kwa utani "The Man", na kwa kuwa huyo "Man" sasa hayupo tena, wakajiita Faith No More.

Aliyekulia na muziki wa dansi hahitaji kufafanuliwa habari za kuhama bendi. Mwaka 1985 Hugo Kisima aliwachomoa kina Muhiddin Gurumo na Abel Balthazar kutoka Mlimani Park, yaani Sikinde, akaunda International Orchestra Safari Sound, na Dar es Salaam nzima ikawa na la kusema. Lakini kwetu habari huwa ni ya mwimbaji au mpiga solo aliyeahidiwa mshahara na vyombo vipya. Anaondoka yeye, Sikinde inabaki Sikinde. Kina Gould waliondoka na besi, ngoma na kinanda. Aliyebaki na jina alibaki na kibao cha mlangoni.

Ngoma zenyewe zina asili yake. Bordin alisoma upigaji wa ngoma za Afrika Magharibi katika Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, kwa C.K. Ladzekpo, mwalimu kutoka Ghana, fundi wa ngoma za Waewe. Nilipolijua hilo niliirudia kaseti nzima. Wapigaji wengi wa roki nzito hujificha kwenye matoazi, kelele inakuwa nyingi na mwendo hauna. Bordin anashuka chini kwenye ngoma kubwa, anakaa huko, anapiga kwa kurudiarudia kama mtu anayetwanga, na besi ya Gould inapigwa kwa ukali hadi inajibu kama ngoma ya pili. Bottum anatandika kinanda juu yao, kipana na cha huzuni, kama filamu ya vita inakaribia kuisha. Wimbo unakuwa umekwisha kusimama kabla hajaja wa gitaa wala wa kuimba. Miaka ile ya mwanzo walikuwa wakibadilisha hao wawili ovyo, na mmoja wa waliopita kwenye maikrofoni kwa muda mfupi ni Courtney Love, kabla dunia haijamjua.

Jim Martin aliingia mwaka 1983 kwa mlango wa Cliff Burton, mpiga besi wa Metallica aliyekuja kufa kwenye ajali ya basi nchini Sweden mwaka 1986. Burton, Bordin na Martin walikuwa wamepiga pamoja ujanani, na Burton ndiye aliyewaambia wamchukue. Martin alikuwa metali tupu: ndevu, nywele, miwani juu ya miwani, gitaa lenye umbo la mshale. Wenzake walisikiliza kila kitu. Yeye alisikiliza Black Sabbath, mababu wa metali. Kutolingana huko ndiko kulikozaa ule mlio ambao baadaye walitafutiwa jina, metali mbadala, na wao wenyewe hawakulipenda sana.

Mwimbaji alikuwa Chuck Mosley wa Los Angeles, mmoja wa Weusi wachache mno waliosimama mbele kwenye muziki huo. Sauti yake haikupitia darasa lolote. Aliimba pembeni kidogo ya noti, kivivu, kama anayesoma gazeti la jana, na kwenye We Care a Lot, wimbo wa kejeli wa enzi za Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, kuhusu watu maarufu wanaojali kila kitu, uvivu huo ndio kejeli yenyewe. Ukiuimba vizuri umeuharibu. Albamu ya kwanza yenye jina hilo ilitoka 1985, Introduce Yourself ikafuata 1987. Mosley alikuwa mtu mgumu kuishi naye. Alimpiga Gould ngumi jukwaani, na usiku wa kuizindua albamu ya pili alisinzia mbele ya watu. Mwaka 1988 wakampa mkono wa kwaheri.

Wakati wakimtafuta wa kuziba nafasi walikuwa tayari na muziki wa albamu iliyofuata. Nyumba ilikwisha kujengwa, anatafutwa wa kuingia. Aliyeingia ni Mike Patton, kijana wa miaka 20 kutoka Eureka, mji mdogo kaskazini mwa California, mwimbaji wa kikundi cha wanafunzi wenzake kilichoitwa Mr. Bungle. Na aliyemsikia kwenye kaseti yao ya majaribio akasema huyu ndiye, ni Jim Martin. Kumbuka hilo. Patton aliandika maneno ya nyimbo zote za The Real Thing kwa muda wa wiki mbili hivi, akaimba, ikatoka Juni 1989, na kwa miezi kadhaa haikutokea cha maana. Kisha televisheni ya MTV ikaanza kuonyesha Epic, video yenye samaki anayegaragara pasipo maji na piano inayolipuka, na mwaka 1990 wimbo ukafika namba 9 Marekani. Januari 1991 walikuwa Rio de Janeiro, ndani ya uwanja wa Maracanã.

Jambo moja Patton hakulifanya: hakuiacha Mr. Bungle. Alihamia na begi moja, begi la pili akaliacha kwao.

Angel Dust ya mwaka 1992 ndiyo albamu kubwa kuliko zote walizofanya, na sibishani na mtu kuhusu hilo. Walioiuza walitaka Epic nyingine. Badala yake Patton alishaota pembe, Bottum na Gould walianza kukata na kubandika sauti za ajabu, na wimbo mmoja ungeweza kuanza kama tangazo la biashara ukaisha kama ugomvi wa ndoa. Uingereza ilifika namba 2, Marekani namba 10. Martin hakuipenda njia hiyo. Alichangia machache, sehemu nyingine za gitaa zilitungwa na wenzake, na wimbo uliokuwa wake hasa ni Jizzlobber, ile mashine ya mahindi. Ndiyo maana nasema mjomba alisikia sawasawa bila kusoma gazeti lolote: mwisho wa upande wa pili kuna mtu anavuta kamba upande mmoja na wanne wanavuta upande mwingine, na katikati, kwa dakika chache za wimbo wa Lionel Richie, wanakubaliana. Easy ilipanda hadi namba 3 Uingereza na namba 1 Australia mapema 1993. Wimbo wao uliofika juu zaidi Uingereza ni wa watu wengine.

Mwishoni mwa 1993 Martin akaondolewa. Inasimuliwa kwamba taarifa ilimfikia kwa faksi. Yeye ana maelezo yake, na sijaona haja ya kuamua kesi ya ndoa isiyonihusu, lakini ile karatasi inayotoka mdogomdogo kwenye mashine baada ya miaka kumi ya kupiga pamoja haijanitoka kichwani.

Ndipo matatizo ya chumba yakaanza kweli. Wa kwanza kuingia alikuwa Trey Spruance, mpiga gitaa wa Mr. Bungle, rafiki wa Patton tangu shule. Walijifungia studio za Bearsville, jimbo la New York, na prodyuza Andy Wallace. Albamu zote nne za nyuma alikuwamo Matt Wallace, si ndugu yake, majina tu. Spruance ni fundi wa kutisha. King for a Day... Fool for a Lifetime, iliyotoka 1995, inaruka kutoka funki hadi bossa nova hadi kelele ya kukwaruza koo, na gitaa linabadilika sura kila mlango unapofunguliwa. Lakini sikiliza kinanda. Kiko wapi? Bottum alikuwa amefiwa na baba yake, alikuwa akijinasua kwenye heroini, na Aprili 1994 Kurt Cobain wa Nirvana, mume wa rafiki yake Courtney Love, akajiua. Kwa hiyo mmoja wa wenye nyumba kama vile hayupo, na uzito wote umeegemezwa kwa mgeni. Ndiyo albamu yao pekee ambayo gitaa ndilo linalobeba paa, na aliyelipiga hakudumu hata hadi ziara. Mabasi yanataka kuondoka, Spruance hayumo.

Aliyepewa gitaa ni Dean Menta, fundi aliyekuwa akimtunzia Bottum vyombo vyake. Hili nalipenda sana. Mwanamume amezoea kubeba kinanda na kuchomeka nyaya, ghafla anaambiwa panda juu, na alizunguka nao mwaka mzima bila kuwaaibisha. Walipokaa kutunga nyimbo mpya haikushika. Akatoka, akaingia Jon Hudson, rafiki wa Gould, mtu mpole ambaye hata leo ukimpita mtaani humjui. Naye ndiye aliyepiga Album of the Year mwaka 1997.

Jalada la albamu hiyo lina picha ya Tomáš Masaryk, rais wa kwanza wa Czechoslovakia, na ndani kuna picha za mazishi yake. Bendi inayoweka mazishi kwenye karatasi yake yenyewe haihitaji mpiga ramli. Aprili 7, 1998 walipiga Lisbon, Ureno, na wiki mbili hivi baadaye Gould akatuma barua pepe: basi. Kutoka faksi hadi barua pepe, angalau teknolojia ilikuwa inasonga.

Miaka kumi na moja ikapita. Bordin alipiga dramu za Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, na hata kabla ya kuvunjika alishakalia kiti cha Black Sabbath kwenye ziara ya 1997. Bottum alikuwa na Imperial Teen, Gould na lebo yake, Patton na yake na bendi nyingi kuliko vidole. Mimi nilikuwa nimeoa, kaseti ya mjomba imeshaliwa na redio.

Waliporudi Juni 10, 2009, pale Brixton, London, walianza onesho kwa Reunited, wimbo wa mapenzi wa Peaches & Herb, wamevaa suti. Wengi tulitaka kumwona Martin. Alisimama Hudson. Niliudhika wakati ule, sasa naelewa: chumba kilikuwa kimetulia mikononi mwake na hawakuwa na nguvu ya kukifungua tena. Hudson amehesabiwa kuwa mtu wa Faith No More kwa miaka mingi kuliko Martin, jambo ambalo kila nikimwambia shabiki mwenzangu lazima ahesabu kwa vidole kwanza.

Wapangaji wengine wa zamani walikaribishwa kwa usiku mmoja mmoja. Aprili 2010, San Francisco, Mosley alipanda jukwaani akaimba nyimbo zake na Patton akampisha. Novemba 2011, nchini Chile, Spruance aliungana nao wakapiga King for a Day yote, ile albamu ambayo hakuwahi kuizungusha. Mwaka 2015 ikatoka Sol Invictus, ya kwanza baada ya miaka 18, wameirekodi wenyewe mahali pao pa mazoezi Oakland, Gould akiwa prodyuza. Si Angel Dust. Ni watu wazima wanaopiga bila kumwonyesha mtu chochote, na kinanda kimerudi mahali pake. Mosley alirudi tena Agosti 2016 kwa maonesho mawili ya nyimbo za albamu ya kwanza. Novemba 9, 2017 akafariki, miaka 57, baada ya vita ndefu na dawa za kulevya.

Hapa sasa hoja yangu inaanza kuchechemea, na niseme mwenyewe kabla hujaniwahi. Septemba 2021, siku chache kabla ya kupanda jukwaani, ziara nzima ilifutwa. Patton alieleza kwamba afya yake ya akili ilikuwa imezidiwa na janga la korona limeongeza mzigo, na mwaka uliofuata akasimulia kwamba alikuwa ameshikwa na hofu ya kutoka nje na ya kukutana na watu. Desemba 2022 alirudi jukwaani, Chile. Na Mr. Bungle. Lile begi la pili. Faith No More yenyewe bado haijarudi. Wenye nyumba wote watatu wapo, wazima, wanapiga huku na kule, na Hudson yupo, na mlango umefungwa. Mwaka 1988 walimtoa mwimbaji wakatafuta mwingine kabla muziki haujapoa. Sasa hakuna hata anayeuliza. Labda mtu akikaa chumbani miaka 30 hati zinabadilika zenyewe.

Mwaka jana nilikwenda Tanga kumwona mjomba. Amezeeka, miguu inamsumbua, masikio yako sawa. Nilimwekea Easy kwenye simu, nikaegemeza simu kwenye kikombe cha chai ili sauti ijae. Hakuhitaji kalamu. Alifumba macho hadi mwisho.

"Yule wa gitaa aliishia wapi?"

"Analima maboga, mjomba."

"Ya kuuza?"

"Ya mashindano. Makubwa, yanabebwa na mashine, yanapelekwa kupimwa uzito."

Alicheka hadi akakohoa, nikampa maji. Akanywa, akafuta mdomo.

"Haya, rudisha nyuma kidogo. Pale yule anapoguna."